Kelele za Feni: Historia Fupi ya Upepo wa Kulazimishwa

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme pale Kahama mjini uulize pangaboi. Muuzaji hatakuomba urudie. Atanyoosha kidole darini, kule linakozunguka lile la kwake mwenyewe, kisha atakutajia bei. Sasa mwulize neno lenyewe limetoka wapi. Atacheka na kukujibu, kwani wewe huoni yale mapanga matatu yanavyokata hewa? Jibu tamu, lakini silo. Neno hili limetuvukia bahari kutoka Bara Hindi, ambako upepeo huitwa pankha. Waingereza waliotawala kule walitundika pazia zito darini, wakalifunga kamba, wakamweka mtu barazani avute kamba hiyo mchana kutwa ili bwana mkubwa asitoke jasho. Mtu huyo aliitwa boi wa pankha. Yeye ndiye aliyekuwa mashine. Miaka ya 1880 Wamarekani walipoanza kuuza feni za umeme, kazi ya boi ikaanza kufa polepole. Kamba ikakatwa, mtu akaenda zake, jina lake likabaki limening'inia darini hadi leo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu hawalisemi wanaposimulia habari za boi yule. Pankha ya kamba ilikuwa kimya. Labda kamba ililia kidogo kwenye kapi yake, basi. Kelele iliingia siku injini ilipoingia. Mwanadamu alitaka upepo asioulipia kwa nguvu ya mkono, akaupata, na badala yake akaulipia kwa sikio. Historia ya malipo hayo ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, na ninaisimulia nikiwa Buzwagi, nje kidogo ya Kahama.

Najua jina Buzwagi lilifika Dar es Salaam kwa njia ya bungeni. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wetu ulitiwa saini London na Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Zitto Kabwe, mbunge kijana wakati ule, akauhoji, na Bunge likamsimamisha. Nchi nzima ikajua kwamba kuna mahali panaitwa Buzwagi. Mgodi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021, na eneo lake sasa limepangiwa viwanda. Shimo limebaki, pana ajabu, limeelekea mbinguni. Shimo la namna hiyo halihitaji kupulizwa. Upepo wa Shinyanga unaingia na kutoka humo utakavyo, bila hodi.

Mambo ni tofauti ukienda Bulyanhulu, upande wa Bugarama na Kakola. Kule dhahabu haiko karibu na jua. Wachimbaji wadogo walikuwa wakiifuata kwa maduara yao kabla ya kuondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Geita nao wana historia ya namna hiyo. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafungwa. Mgodi wa sasa ulianza mwaka 2000 na mashimo ya wazi, kisha miaka ya karibuni nao ukaingia chini. Na kila panapoingiwa chini, hewa lazima ilazimishwe kumfuata mtu. Hapo ndipo feni inapokuwa mfalme.

Tusidhani kwamba kulazimisha upepo ni elimu iliyokuja na wazungu. Warongo, wahunzi wa upande wa Geita na Biharamulo, waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kwa mivukuto. Chungu cha mvukuto kilifunikwa ngozi, ngozi ikafungwa kijiti, kijiti kikapandishwa na kushushwa, na hewa ikapita kwenye mrija wa udongo hadi motoni. Ng'ambo ya pili, kwa Wahaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua matanuri ya chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000, na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakaitangazia dunia ya wasomi jinsi wahunzi wale walivyojua kuipasha hewa joto kabla haijafika motoni. Kwa hiyo babu zetu walikuwa na upepo wa kulazimishwa kitambo sana. Sauti yake ilikuwa ya ngozi na mikono, tuf, tuf, tuf, sauti ambayo mtu aliweza kuimba juu yake. Shika neno hilo, kuimba juu yake, maana ndiyo alama nzuri ya kelele inayovumilika. Feni ya leo haiimbiwi.

Ulaya nako walihangaika. Mjerumani Agricola aliandika kitabu kikubwa cha uchimbaji kilichotoka mwaka 1556, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Ndani yake kuna michoro ya mitego ya upepo inayowekwa mdomoni mwa shimo, kuna mivukuto mikubwa, na kuna mapipa yenye mapanga ya mbao yanayozungushwa kwa mkono, kwa maji au kwa upepo. Anataja hata watu waliopeperusha vitambaa ili hewa isogee. Nilipoiona michoro hiyo nilicheka, kwa sababu wachimbaji wetu wadogo hutega karatasi ya nailoni mdomoni mwa duara ili ikamate upepo na kuuteremsha kwa wenzao. Hawakumsoma Agricola. Shimo lenyewe ndilo lililowafundisha wote, kila mmoja kwa wakati wake.

Karne ya 19 ikaleta mvuke, na migodi ya makaa ya mawe ikazidi kwenda chini. Mbelgiji mmoja, Théophile Guibal, akatengeneza feni ambayo miaka ya 1860 ilienea sana migodini. Alifanya mambo mawili. Kwanza aliifungia feni ndani ya nyumba yake badala ya kuiacha itapanye hewa pande zote. Pili aliijengea bomba la kutokea linalopanuka taratibu kama tarumbeta, ili hewa ipunguze mwendo kabla ya kutoka nje. Nia yake ilikuwa kuokoa nguvu ya mvuke. Hakuwa anatafuta ukimya. Lakini feni zake zilikuwa kubwa mno, nyingine zilizidi futi 30 kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa sababu ya ukubwa huo zilizunguka taratibu. Hilo la kubwa na taratibu tutalirudia, kwa sababu siri kubwa imelala humo.

Mwingine alikuwa Samuel Davidson wa Belfast. Kijana huyu alikwenda India mwaka 1864 kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, akaona jinsi majani yanavyokaushwa kwa taabu, akabuni mashine za kukaushia. Mashine ya kukausha inahitaji upepo, na upepo ukamvuta mpaka kwenye feni. Mwaka 1898 akatoa feni yake aliyoiita Sirocco. Badala ya mapanga machache marefu aliweka mapanga mengi mafupi, yaliyopinda kuelekea mbele, yamepangwa kuzunguka pipa kama fito za tenga. Feni hiyo ilisukuma hewa nyingi ikiwa ndogo na bila kuzunguka kwa kasi kubwa. Kama huamini kwamba bado ipo, mwombe fundi wa magari afungue dashibodi ya gari lolote lenye kiyoyozi. Hilo pipa dogo lenye mapanga mengi ni mjukuu wa chai ya India.

Basi upepo ukapatikana. Na masikio je?

Habari za masikio zilikuwa zimeandikwa zamani, ila hazikusomwa na wenye viwanda. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia, katika kitabu chake cha magonjwa ya mafundi kilichotoka mwaka 1700 na kuongezwa mwaka 1713, alieleza mafundi wa shaba wa Venice waliokaa mtaa mmoja wakigonga nyundo mchana kutwa, na jinsi walivyozeeka wakiwa viziwi. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 wa kutengeneza boila za meli. Chombo chake kilikuwa saa ya mfukoni. Alitazama ni umbali gani mtu anaisikia ikigonga. Katika mafundi wale 100 hakumpata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Hata mmoja. Uingereza ilikuwa inatawala bahari kwa meli zilizotengenezwa na viziwi, na hakuna aliyeona ni habari ya kuandika gazetini.

Sababu mojawapo ni kwamba kelele haikuwa na kipimo. Vumbi unaliona, damu unaiona, lakini kelele utaipima kwa nini? Kipimo kikaja miaka ya 1920 kutoka kwa wahandisi wa simu wa kampuni ya Bell ya Marekani, waliotaka kujua sauti inapotea kiasi gani njiani kwenye waya. Wakakiita desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Desibeli ina ujanja wake, na asiyeujua hudanganyika. Haihesabu kama shilingi. Ukiwa na feni mbili zinazolingana, kila moja ikitoa desibeli 90, hupati 180. Unapata 93. Yaani kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti imeshakuwa maradufu. Ndiyo maana kiwango cha kazini kinachofuatwa sehemu nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8, na ukipanda hadi 88 muda wako unakatwa kuwa saa 4, kwenye 91 ni saa 2, kwenye 94 ni saa moja tu. Fikiria mtu anayesimama chini ya feni ya desibeli 94 tangu asubuhi mpaka jioni. Saa ya pili tu ameshaanza kulipa.

Huku kwetu sheria ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950 iliiga ile ya Uingereza, na iliagiza kwamba kiwanda kiwe na hewa safi. Kwa hiyo feni ilikuwa upande wa sheria. Kelele za feni hazikuwa upande wowote. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 148, na Tanzania ikauridhia mwaka 1983. Ninaupenda mkataba huo kwa jina lake tu, maana unataja mambo matatu pamoja: uchafuzi wa hewa, kelele na mtetemo. Aliyeyaunganisha alikuwa anajua karakana ilivyo. Ukimwokoa mtu na moshi kwa kumfungia feni mbovu, umemtoa kwenye ugonjwa wa kwanza ukamwingiza kwenye wa pili na wa tatu. Sheria yetu ya sasa ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, nayo ndiyo iliyoiondoa ile ya mkoloni.

Lakini sheria na sikio ni vitu viwili. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Tanzania, ukaonyesha kwamba karibu nusu ya waliopimwa walikuwa wameharibika usikivu kwa sababu ya kelele, na wale wa chini ya ardhi walikuwa wameumia zaidi kuliko wa shimo la wazi. Miaka michache baadaye wakapimwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma hapa nchini. Nao pia, karibu nusu. Hao ni watu wa viwanda vinavyojulikana, vyenye geti na daftari la mahudhurio. Karakana zetu za mitaani, zile za bati na nguzo za mbao, hakuna anayepita na kipimo.

Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilikaa miezi kadhaa kwenye karakana moja ya kuchomelea, pamoja na mjomba wangu ambaye kazi hiyo ameifanya tangu ujana. Karakana ilikuwa na feni kubwa ya ukutani ya kutolea moshi. Ilikuwa imenunuliwa mtumba, imefungwa kwa boliti kwenye bati tupu, na ikiwashwa bati lote lilitetemeka kama ngoma ya mganga. Mjomba ukimwambia mwangaluka asubuhi anakujibu kwamba ndiyo, jana mvua ilinyesha. Nyumbani redio yake inasikika hadi kwa jirani wa tatu. Watoto wake wamezoea kumshika bega kwanza ndipo wamsemeshe. Wanaopita wanasema mzee yule ana dharau, haitikii salamu. Hana dharau. Hasikii.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Feni ile haikuwa inawashwa sana. Mteja akija, inazimwa ili bei isikike. Simu ikilia, inazimwa. Mazungumzo ya mpira yakinoga, inazimwa. Jioni vijana wakichoka kichwa, inazimwa mpaka kesho. Moshi wa kuchomelea unabaki ndani, bluu, mtamu kooni kama kutu, na wote tunauvuta. Mwenye karakana alikuwa akifoka kwamba vijana wa siku hizi hawajali afya zao. Mimi naona ni wavivu wa kitu kingine kabisa: hawakuwa na nguvu ya kupigiwa kelele saa kumi kwa siku. Mtu akilazimishwa kuchagua kati ya sikio na pafu, atachagua lile linalomuuma sasa hivi. Sikio linauma leo. Pafu litauma baada ya miaka 20.

Kwa hiyo msomaji asinielewe vibaya. Kupunguza kelele za feni si anasa ya watu wa maofisini. Feni yenye kelele ni feni iliyozimwa.

Upande wa pili uko wazi pia. Juni 2002 kule Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, watu zaidi ya 30 walikufa chini kwa kukosa hewa baada ya mtambo wa kuwapelekea hewa kushindwa kazi. Kwa mtu wa duara, mngurumo wa bloa juu ya kichwa chake ni habari njema. Ukikoma, moyo unaruka. Ndiyo sababu huwezi kumwendea mchimbaji na hotuba ya ukimya. Anachokitaka ni upepo ule ule, na sauti kidogo ya kumjulisha kwamba upepo upo, isiyomla masikio. Hicho ndicho wahandisi wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mia moja.

Wamekipata kwa kiasi gani? Waliuliza kwanza kelele inazaliwa wapi. Sehemu moja inatoka kwenye chuma: beringi zilizokwisha, mapanga yasiyolingana uzito, boliti zilizolegea, bati linalotetemeka. Sehemu nyingine inatoka kwenye hewa yenyewe. Mwaka 1952 Mwingereza James Lighthill alionyesha kwa hesabu jinsi hewa inayosukumwa kwa kasi inavyopiga kelele kutokana na vurugu zake yenyewe, hata kama hakuna chuma kinachogonga. Kisha kuna sauti ya mapanga. Kila panga linapopita mahali fulani linaisukuma hewa mara moja. Feni yenye mapanga 6 inayozunguka mara 1,440 kwa dakika inazunguka mara 24 kwa sekunde. Zidisha kwa 6, unapata misukumo 144 kila sekunde. Huo ndio ule mlio mzito mmoja usiobadilika, unaokufuata mpaka kitandani.

Jibu kubwa kuliko yote ni lile la Guibal, kubwa na taratibu. Ukipunguza mwendo wa feni kuwa nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele zinashuka kwa desibeli 15 hivi, na nguvu inayotakiwa inakuwa sehemu moja ya nane. Sasa ongeza upana wa feni kwa robo tu. Hewa yako karibu yote inarudi. Kelele nazo zinapanda kidogo kwa ajili ya upana, lakini bado umebaki na faida ya desibeli kama 8, na bili ya umeme imepungua. Wanaosema ukimya ni gharama hawajafanya hesabu hii. Sharti lake ni kwamba feni ya taratibu haina nguvu ya kusukuma hewa kwenye bomba refu lenye kona nyingi. Kwa feni ya ukutani inayotoa moshi nje moja kwa moja, inatosha kabisa.

Jibu la pili ni kuitenga feni na kitu inachokitetemesha. Feni ikikaa juu ya raba, mtetemo unakwama kwenye raba. Ikiwa ina bomba, kipande kifupi cha turubai kati ya feni na bomba kinafanya kazi hiyo hiyo. La tatu ni kuipa hewa njia ya kuingia. Feni iliyobanwa na ukuta, au yenye magunia mdomoni, inavuta hewa kwa vurugu na kulia zaidi. La nne ni kifyonza sauti, yaani bomba ambalo ndani limepakwa pamba ya kioo au ya mwamba na kufunikwa bati la matundu. Hewa inapita katikati, sauti inaingia kwenye matundu na kupotea humo. Feni za migodini za chini ya ardhi, ambazo bila kitu hicho huweza kuzidi desibeli 100, hufungwa vifyonza vya namna hii mbele na nyuma.

La tano ni la ajabu, na mwandishi wa riwaya angeogopa kulitunga. Mwaka 1933 Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza ya kuua sauti kwa sauti. Kipaza sauti kinasikiliza kelele inayosafiri ndani ya bomba, spika iliyo mbele inatoa kelele ile ile ikiwa imegeuzwa, bonde kwenye kilima na kilima kwenye bonde, na mbili hizo zikikutana zinafutana. Marekani wakampa hataza yake mwaka 1936. Vifaa vya wakati ule havikuweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Ikasubiri miaka mingi mpaka kompyuta zilipokuja, na leo watu wanaivaa masikioni kwenye ndege.

Pale karakana kwetu hatukuwa na pamba ya kioo wala hataza ya Mjerumani. Tulikuwa na tairi kuukuu. Fundi umeme mmoja aliyekuja kubadilisha waya alituambia tuikate raba ya tairi vipande, tuvitie kati ya feni na fremu, na fremu yenyewe tuiondoe kwenye bati tuishikize kwenye nguzo. Tukatia grisi kwenye beringi. Tukayasafisha mapanga, yaliyokuwa na utandu wa moshi na vumbi, panga moja zito kuliko jingine. Tukaondoa mabati yaliyoegemezwa mbele yake. Kazi ya mchana mmoja. Feni haikunyamaza, lakini bati liliacha kupiga ngoma, na mteja aliweza kutaja bei bila kupayuka. Sikuwa na kipimo cha maana zaidi ya programu ya simu, ambayo si sahihi sana ingawa inafaa kulinganisha kabla na baada. Kipimo nilichokiamini ni kingine: siku zilizofuata feni ilikuwa inazunguka mpaka jioni. Hakuna aliyeinuka kuizima.

Kwa mjomba ilikuwa imechelewa. Nyuzi za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena kama nywele. Siku moja nilimwandikia kwenye kipande cha boksi, "Mjomba, feni imetulia." Akasoma, akaiangalia feni, akasema kwa ile sauti yake ya juu, "Mjomba, hiyo nilijua imeharibika!" Vijana wakacheka, naye akacheka.

Nimeiandika historia hii kwenye jarida la waandishi chipukizi kwa makusudi. Sisi tunaotaka kutunga riwaya tunaishi kwa kusikia. Mazungumzo ya wahusika wetu tunayaokota stendi, kisimani, saluni, kwenye karasha. Tunapenda kuandika kelele za mji kama pambo, eti mashine zikinguruma, nyundo zikigonga, maisha yakiendelea. Lakini nyuma ya kila mngurumo kuna mtu amesimama karibu nao kuliko sisi, na anasimama hapo saa nyingi kuliko sisi. Mafundi wa Glasgow walihesabiwa na Barr kwa saa ya mfukoni. Wa Kahama, wa Geita, wa Shinyanga Mjini, wa Mwanza kule kwenye vijia vya nyuma ya viwanda, hawajahesabiwa, na majina yao hayamo kwenye daftari la fidia wala la hospitali.

Wewe unayesoma bila shaka una karakana mtaani kwako. Siku ukipita, simama kidogo. Sikiliza kama feni yao inalia chuma au inalia hewa, maana sasa unajua tofauti. Mwulize fundi mkubwa alianza kazi mwaka gani, na ni lini aliacha kusikia sauti ya mtoto akimwita kwa nyuma. Mwulize karibu, usoni, polepole. Ukishapata jibu liandike na tarehe yake, ulilete hapa kwenye kurasa hizi. Na kama una kipande cha tairi kisicho na kazi, nenda nacho.